Jinsi ya Kuanzisha Makumbusho Madogo ya Ndege za Mfano Kisumu

Chumba cha mita 4 kwa 6 kinatosha kuanzisha makumbusho ya ndege za mfano zilizotengenezwa kwa mkono, na Kisumu ina sababu nzuri ya kuwa nayo. Mwaka 1931, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia ya kuja Mwanza, kipande cha safari kuanzia Khartoum kilifanywa na ndege za maji aina ya Short Calcutta, na Kisumu ilikuwa kituo katika njia hiyo. Kuanzia 1937 zikaja ndege za maji kubwa zaidi, Short S.23, zikipita hapa kuelekea Durban. Zilitua juu ya maji ya Ziwa Victoria. Watoto wengi wanaocheza leo ufukweni Dunga hawajui habari hiyo, na ndege ya mbao ya kuangaliwa kwa karibu huwaeleza upesi kuliko ukurasa wa kitabu.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, amueni sharti la kuingiza kitu chumbani. Tunapendekeza hili: kila ndege iwe ni ya aina iliyowahi kutua Kisumu, au iwe imetengenezwa na mtu wa eneo hili. Isiyotimiza hata moja ibaki nje, ipendeze vipi. Chumba kidogo kisichokuwa na sharti hujaa zawadi ndani ya mwaka mmoja, na mgeni akitoka hawezi kumwambia mwenzake alichokwenda kuona.

Skeli kwanza

Mifano ya dukani ya plastiki mara nyingi huja kwa skeli ya 1:72 au 1:144. Ninyi mnachonga wenyewe, kwa hiyo chagueni 1:50. Mita moja ya ndege halisi inakuwa sentimita 2, na mtoto wa darasa la nne anaweza kupima bawa kwa rula, agawe kwa mbili, apate urefu wa kweli kwa mita. Hesabu hiyo ya papo hapo ni sehemu ya maonyesho.

Kwa skeli hiyo, Short S.23 yenye mabawa ya mita 34.75 kutoka ncha hadi ncha inakuwa na sentimita 69.5, na urefu wake wa mita 26.8 unakuwa sentimita 53.6. Calcutta ya mita 28.35 inakuwa sentimita 56.7. DC-3, iliyotumiwa na East African Airways, ina mabawa ya mita 29, yaani sentimita 58. Q400 inayotua Kisumu siku hizi ina mabawa ya mita 28.4 na urefu wa mita 32.8, hivyo mfano wake ni sentimita 56.8 kwa 65.6. Cessna 172 ya mita 11 ni sentimita 22 tu, kama kunguru kando ya korongo, na ndivyo inavyotakiwa kuonekana.

Mtu akiwaletea mfano mzuri wa 1:72, msiuweke kwenye rafu moja na ya 1:50. Jicho halisomi lebo kabla ya kulinganisha. DC-3 ya 1:72 itakuwa na mabawa ya sentimita 40, na mgeni ataamini ilikuwa ndogo kuliko Q400 kwa karibu theluthi, ilhali mabawa yao yanakaribia kulingana.

Mbao

Mbao za balsa ambazo vitabu vya ng'ambo husisitiza ni ghali na si rahisi kuzipata hapa. Kwa ndege za maonyesho, zisizorushwa, hazina faida kubwa: ni laini mno, na kucha ya mgeni mmoja huacha alama. Tumieni saipresi isiyo na macho (vifundo vya matawi) kwa mwili na mabawa. Jakaranda huchongeka vizuri zaidi kwa patasi na haina macho mengi, ila hakikisheni imekauka. Kando ya ziwa huota ambachi, mti mwepesi kupita kiasi ambao wavuvi wameutumia kama boya. Unafaa kwa vitu vya kuning'inizwa, lakini haushiki skrubu. Kila mahali pa kuningʼinizia pachongeeni kijiti cha mbao ngumu na kukigundisha ndani. Okoteni vipande vikavu vilivyotupwa na maji, msikate miti iliyo hai kwenye kingo.

Mbao za mafundi wa fanicha wa soko la Kibuye mara nyingi ni mbichi kuliko zinavyoonekana. Kipimo hakihitaji mashine. Kateni kipande cha urefu wa mkono, kipimeni kwenye mizani ya jikoni, andikeni uzito kwa penseli juu yake, kisha mpime tena kila baada ya siku mbili. Uzito ukibaki uleule mara tatu mfululizo, ubao umekauka kwa hali ya hewa ya Kisumu. Ukichonga kabla ya hapo, mwili wa ndege hupasuka kwa urefu, na ufa huanzia puani kwa sababu ndipo mwisho wa nyuzi za mbao unapopoteza maji haraka zaidi.

Kuna dumuzi pia. Unga laini chini ya ubao na vitundu vidogo vya mviringo ni dalili yake. Dawa ya kupuliza haifiki ndani. Fungeni mbao ndani ya mfuko wa plastiki nzito, toeni hewa, zibeni kabisa kwa tepu, muziweke kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa majuma mawili. Friza ya mfanyabiashara wa samaki hufaa, mradi mfuko uwe mara mbili. Mkizitoa, ziacheni ndani ya mfuko ulewule siku nzima, maana unyevu wa hewa utaganda nje ya plastiki badala ya kuingia kwenye mbao. Fanyeni hivi kabla ya kuchonga. Kazi iliyokwisha kupakwa rangi inaweza kupasuka rangi kwa baridi hiyo.

Kuchonga S.23

Hii ndiyo ndege ya katikati ya chumba, na ndiyo inayokosewa zaidi.

Tafuteni mchoro wa pande tatu: ubavu, juu na mbele. Mpeleke dukani ukuzwe hadi mabawa yawe milimita 695 kamili, kisha pimeni kwa rula kabla ya kulipa. Mashine ya fotokopi huweza kunyoosha upande mmoja kuliko mwingine. Gundisheni karatasi juu ya kadibodi na mkate vipimo vya umbo: kimoja cha ubavu, kimoja cha juu, na vya mkato wa mwili kila baada ya sentimita 5. Hivi vya mkato vikateni kwa ndani, ili muweze kuvikumbatisha kwenye mbao na kuona mwanga unapopita. Mwanga ukionekana pembeni na kadibodi ikigusa mgongoni, mgongo bado mnene.

Mwili msiuchonge kwenye gogo moja. Unganisheni vipande viwili vya urefu wa sentimita 56, kushoto na kulia, kwa gundi nyeupe ya mbao, lakini katikati yao wekeni ukurasa mmoja wa gazeti uliopakwa gundi pande zote mbili. Banisheni kwa jiliwa usiku kucha. Mkimaliza kuchonga nje, ingizeni kisu chembamba kwenye mstari wa gazeti na mgonge taratibu: karatasi itachanika katikati na mwili utafunguka kama ganda la karanga. Chimbeni ndani kwa patasi ya mviringo hadi ukuta ubaki milimita 8 hivi, ondoeni mabaki ya gazeti kwa msasa, kisha mfunge tena kwa gundi tupu. Mwili ulio wazi ndani hupasuka kwa nadra, kwa kuwa mbao nyembamba hukauka na kunyonya unyevu kwa kasi moja. Tena hapo ndani pana nafasi ya kuweka kikaratasi chenye tarehe na jina la aliyechonga. Kiwekeni. Fundi atakayeitengeneza miaka hamsini ijayo atakifurahia.

Sasa angalieni tumbo. Ndege ya maji haina tumbo laini kama la samaki. Ina kidato: chini ya bawa, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, sakafu hukatika ghafla na kupanda juu. Mchongaji asiyejua kazi yake hudhani ni kosa la mchoro, akakisawazisha kwa randa. Bila kidato ndege hiyo isingenyanyuka ziwani. Maji hung'ang'ania sehemu iliyopinda, na kadiri rubani anavyovuta usukani ndivyo mkia unavyozama. Kidato huingiza hewa chini ya tumbo na kuukata mng'ang'anio huo. Katika skeli yetu ni cha milimita chache, lakini kingo zake ziwe kali kama za patasi mpya. Kikateni kwa msumeno wa meno madogo kabla ya kupitisha msasa, kisha mkizibe kwa tepu ya karatasi kila mnaposugua sehemu za jirani.

Mabawa ni vipande viwili, nyuzi za mbao zikienda kwa urefu wa bawa. Zikienda kwa upana, bawa litakatika kwa kuguswa. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo, wa nyuma uishie kwenye unene wa milimita 1 au 1.5, mwembamba zaidi ya hapo hubanduka vipande. Yashikizeni kwenye mwili kwa spoku mbili za baiskeli kila upande, zikiingia sentimita 4 ndani ya bawa na 3 ndani ya mwili. Spoku ina unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo tobo la keekee liwe 2 kamili. Spoku moja haitoshi, kwani bawa litazunguka kama mlango kwenye bawaba. Bawa la S.23 limekaa juu kabisa ya mwili, na chini ya kila bawa, kuelekea ncha, pana boya la kuzuia ndege isilale ubavu. Maboya hayo ndiyo huvunjika kwanza, kwa hiyo nguzo zake ziwe za spoku, zisiwe za vijiti.

Injini zilikuwa nne, aina ya Bristol Pegasus, zenye kipenyo cha mita 1.4. Hiyo ni milimita 28 kwetu, na kifuniko chake kinazidi kidogo. Mpini wa jembe uliosuguliwa hutoa zote nne. Pangaboi za majembe matatu, yaani mabapa yanayokata hewa, kateni kwa alumini ya sufuria iliyochakaa. Kopo la soda ni jembamba mno na hupinda kwa kufutwa vumbi. Kila jembe lipindeni kidogo kwa koleo, yote kwa mwelekeo mmoja. Ukichanganya, mtu aliyewahi kushika feni ataligundua kosa kabla hajasogea karibu.

Msasa: namba 80 kwa kuondoa alama za patasi, halafu 120, 240, na 400 mwishoni. Katikati ya 240 na 400 pakeni sila ya mbao, ya kuziba vinyweleo vyake, mara mbili. Msipake upande mmoja wa bawa mkaacha mwingine hadi kesho. Upande ulio wazi utanyonya unyevu na kutanuka, uliozibwa utabaki palepale, na asubuhi mtalikuta bawa limepinda kama upinde. Pakeni juu na chini siku hiyohiyo na mlikaushe limening'inia.

S.23 zilikuwa na rangi ya fedha ya chuma chenyewe na herufi nyeusi za usajili. Ya kwanza, Canopus, iliruka Julai 1936 ikiwa na herufi G-ADHL. Rangi ya fedha ya mageti inafaa, lakini haisamehe: kila mkwaruzo uliofichika chini ya rangi nyeupe utajitokeza hapa. Tembezeni kiganja juu ya mbao mkiwa mmefumba macho kabla ya kufungua kopo. Herufi ziwe za stensili iliyokatwa kwenye filamu kuukuu ya eksirei, zikapakwe kwa sponji iliyokauka karibu kabisa, maana rangi nyingi hupenya chini ya ukingo. Madirisha msichore kwa kalamu ya wino usiofutika. Vanishi ikipita juu, wino hutandaa na madirisha yanakuwa madoa ya zambarau.

Ndege za waya na makopo

Ukuta mmoja uwe wa ndege ambazo watoto na mafundi wa jua kali hutengeneza kwa waya wa kufungia, makopo, vifuniko vya chupa na nyayo za kandambili. Hizi hazina skeli, na msizilazimishe. Thamani yake ni jinsi mtu alivyotatua tatizo kwa alichokuwa nacho: tairi iliyokatwa kwenye slipa, pangaboi inayozunguka kwenye msumari kwa sababu kuna ushanga katikati wa kupunguza msuguano.

Msizioshe na msizipake rangi upya. Kutu iliyotulia iacheni. Vumbi liondoeni kwa brashi laini ya rangi, mkilisukuma kuelekea mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi uliofungwa kipande cha chandarua, ili kipande kikidondoka kisimezwe. Mlipeni mtengenezaji bei ya haki. Kama ni mtoto, mzazi wake awepo na akubali.

Kila kitu kiwe na kadi siku kinapoingia. Si kesho. Namba tunayoipendekeza ina sehemu tatu: mwaka, mara ya mapokezi katika mwaka huo, na kitu cha ngapi katika mapokezi hayo. Ndege ya pili kati ya tatu zilizoletwa katika mapokezi ya nne ya 2026 ni 2026.4.2. Kadi iseme imetengenezwa na nani, wapi, lini, kwa vifaa gani, na ilinunuliwa au kutolewa bure. Mstari wa "nani" ndio unaopotea kwanza katika makumbusho madogo, na ukishapotea haurudi. Namba iandikwe kwa penseli ya HB chini ya mbao isiyo na rangi. Kwa ndege ya waya, fungeni kikaratasi kwa uzi wa pamba. Tepu ya kunata huacha utomvu wa kahawia.

Chumba, mwanga na nzi wa ziwa

Paa la mabati lisilo na dari hupika kila kitu kilicho juu. Gundi ya bunduki hulainika, na ndege iliyounganishwa kwayo huanza kuachia mabawa mchana wa Januari. Wekeni dari kwanza, kabati baadaye. Kabati lisiegemee ukuta wa nje: acheni sentimita 5 hewa ipite, na miguu iinue sakafu ya kabati sentimita 15 ili njia za udongo za mchwa zionekane mapema.

Kabati la S.23 liwe na nafasi ya ndani ya sentimita 80 kwa 65, kimo 35, kioo cha milimita 4. Mlango ndio wenye kazi. Nzi wa ziwa hufika kwa mawingu, hufuata taa, na ni wadogo kiasi cha kupenya ufa ambao kisu hakipiti. Wakifia juu ya rangi ya fedha huacha alama za mafuta ambazo brashi haiondoi. Bandikeni utepe wa sponji kuzunguka mlango wote, na muhimu zaidi, taa ziwe nje ya kabati na zizimwe kabla ya giza kuingia. Kama lazima mfungue jioni, taa kali iwe uani, mbali na mlango, iwavute huko. Madirisha yawe na wavu wa matundu madogo. Chandarua cha kawaida cha dirishani hakiwazuii wote.

Taa za LED zinatosha. Lebo za karatasi na vitambaa visipate zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), mbao na chuma vinaweza kufika 200, na programu ya simu hutoa makadirio ya kutosha. Jua la moja kwa moja lisiguse kabati saa yoyote. Simameni chumbani saa tatu asubuhi na tena saa kumi jioni muone miale inafika wapi.

Ndege za kuning'inizwa zisifungwe kwa mshipi wa nailoni. Hauonekani, ni kweli, lakini hurefuka polepole chini ya uzito na hukauka kwa mwanga, nao hukatika bila onyo. Tumieni waya wa ndani wa breki ya baiskeli, sehemu tatu: mbili kwenye mabawa, moja mkiani. Kila waya peke yake uweze kubeba mara tano ya uzito wa ndege nzima. Jaribuni kwa mfuko wa mchanga siku tatu kabla ya kupandisha ndege yenyewe. Ndege ya chini kabisa iwe sentimita 220 kutoka sakafuni.

Njia kati ya makabati iwe sentimita 120, na mahali pamoja pawe na nafasi ya 150 kwa 150 ili kiti cha magurudumu kigeuke. Lebo ziwe za Kiswahili, Dholuo na Kiingereza, maneno yasiyozidi 60 kwa kila lugha, katikati yake ikiwa sentimita 120 kutoka sakafuni. Sentensi ya kwanza imwelekeze mtu cha kutazama: "Hesabu majembe ya pangaboi." Q400 ina sita, DC-3 ina matatu, na akishahesabu atataka kujua kwa nini.

Kuhusu karatasi za kaunti, leseni ya biashara ni lazima mkitoza kiingilio. Nendeni pia Makumbusho ya Kisumu, yaliyo wazi tangu 1980, kabla ya kufungua. Wanaotunza vitu kila siku katika hewa hiihii ya ziwa watawaonyesha mengi ndani ya saa moja.

Zamu ya Machi

Kabla ya mvua za masika, fungeni siku mbili. Shusheni kila ndege iliyoning'inia na mpitishe kidole chenye glavu ya pamba kwenye waya wote. Uzi mmoja uliokatika utanasa glavu, na waya huo utupwe. Ndege ya mbao ibebwe kwa mikono miwili chini ya tumbo, kamwe isishikwe bawa. Tandazeni karatasi nyeupe chini ya kila ndege ya mbao mkiirudisha kabatini, na mwiangalie baada ya juma moja. Ikiwa safi, iondoeni. Ikiwa na unga, ndege hiyo itoke chumbani siku hiyohiyo, ndani ya mfuko uliozibwa kwa tepu, kabla jirani yake haijaambukizwa.